Nguvu ya makampuni katika siasa za Marekani: kubadili katiba, kuanika wafadhili au fedha za umma, uunge mkono ipi?

Mwaka 2024 Elon Musk peke yake alitoa zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Donald Trump na wagombea wa Republican. Trump alipoapishwa, Musk akakabidhiwa kazi ya kupunguza matumizi ya serikali, serikali ileile ambayo kampuni yake ya SpaceX ina mikataba nayo ya mabilioni. Upande wa pili, Future Forward, kamati iliyombeba Joe Biden na baadaye Kamala Harris, nayo ilikusanya mamia ya mamilioni, sehemu yake ikipitia mfuko wa pembeni usiotaja wafadhili. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ugonjwa huu ni wa chama kimoja.

Ninachotaka tulinganishe hapa ni dawa. Wasomaji wengi wa Kiswahili sasa ni raia au wakazi wa kudumu wa Marekani: Seattle, New York, Phoenix, Columbus, Portland na Lewiston kule Maine. Kila msimu wa uchaguzi kuna mtu anagonga mlango na kuomba saini, mchango au jioni moja ya kujitolea, na kila mmoja anasema njia yake ndiyo itakayoondoa fedha za makampuni kwenye siasa. Njia zinazopigiwa debe ni tatu: kubadili katiba, kulazimisha wafadhili wajulikane, na kuwapa wagombea fedha za umma. Ipo na ya nne, kudhibiti washawishi wanaolipwa na makampuni, ambayo haina ngoma wala matarumbeta.

Mimi ningeanza na fedha za umma, tena kwenye mji au jimbo ninakoishi. Kuanika wafadhili kungefuata. Katiba ningeipa saini yangu bila kuipa wikendi zangu. Sababu zangu ni hizi.

Mlango ulivyofunguliwa

Makampuni kumbeba rais hakukuanza jana. Mwaka 1896 Mark Hanna, meneja wa kampeni ya William McKinley, alizipangia benki kiwango cha kuchangia, robo ya asilimia moja ya mtaji, na Standard Oil ikatoa dola 250,000. Mwaka 1907 Bunge likapitisha Sheria ya Tillman na kuyakataza makampuni kuwapa fedha wagombea wa ngazi ya taifa. Katazo hilo lipo hadi leo, ila limezungukwa. Januari 2010, katika kesi ya Citizens United, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji 5 dhidi ya 4 kwamba kampuni ikitumia fedha zake yenyewe kumpigia debe mgombea, bila kupanga naye, huo ni uhuru wa kusema na serikali haina ruhusa ya kuuzuia. Miezi miwili baadaye mahakama ya rufaa ya Washington ikaongeza kuwa kamati zinazofanya kazi hiyo zichangiwe bila kikomo. Ndipo zikazaliwa super PAC.

Fedha hazishindi kila mara, hilo nalo lisemwe. Mwaka 2020 Michael Bloomberg alitumia karibu dola bilioni moja kutoka mfukoni mwake kutafuta tiketi ya Democrat, akaambulia ushindi katika visiwa vya American Samoa tu. Lakini mgombea asiye na fedha hata jina lake halisikiki. Mkono mtupu haulambwi, na wanasiasa wanalijua hilo kabla hawajachukua fomu.

Kubadili katiba: dawa kamili, duka la mbali

Wanaotaka katiba ibadilishwe wana hoja nzito. Kama Mahakama ya Juu imesema ni haki ya kikatiba, hakuna sheria ya kawaida itakayoiondoa. Montana walijaribu. Jimbo hilo lilikuwa na kisa chake: mwishoni mwa karne ya 19 matajiri wa migodi ya shaba walilitia mfukoni, na mmoja wao, William Clark, akawahonga wabunge wa jimbo wamchague kuwa seneta. Kashfa ilipofika Washington alilazimika kujiuzulu. Mwaka 1912 wananchi wenyewe wakapiga kura kuyazuia makampuni kumwaga fedha kwenye uchaguzi wa jimbo, na sheria hiyo ikadumu karne nzima. Juni 2012 Mahakama ya Juu ikaifuta, 5 kwa 4, bila hata kuwaita mawakili kusikiliza hoja zao. Kwa hiyo anayekwambia jimbo lako linaweza kuyakataza makampuni moja kwa moja, mwulize kwanza kuhusu Montana.

Bei yake sasa. Inahitajika theluthi mbili ya Baraza la Wawakilishi, theluthi mbili ya Seneti, kisha majimbo 38 kati ya 50 yakubali. Septemba 2014 Democrat walilipeleka Seneti pendekezo la kuruhusu Bunge na majimbo kuweka mipaka ya fedha za uchaguzi. Walipata kura 54 dhidi ya 42, hazikutosha hata kuufunga mjadala, achilia mbali theluthi mbili. Mabunge ya majimbo na kura za wananchi katika majimbo zaidi ya 20 zimeshatoa wito wa kubadili katiba, lakini wito si kuridhia. Marekebisho ya mwisho kuingia kwenye katiba yalipita mwaka 1992, nayo yalikuwa yamependekezwa tangu 1789.

Wapo watakaokukumbusha mwaka 1971, umri wa kupiga kura uliposhushwa hadi miaka 18 na majimbo yakaridhia kwa muda wa miezi mitatu na siku chache. Ni kweli, upepo ukivuma mambo huenda mbio. Lakini wakati huo vyama vyote viwili vilikuwa upande mmoja. Leo havipo.

Mimi nina wasiwasi mwingine ambao wapiga debe wa njia hii hawapendi kuugusa. Mapendekezo mengi yanalipatia Bunge mamlaka ya kuweka mipaka. Watakaoiandika hiyo mipaka ni walewale wenye viti, na mwenye kiti akipewa kalamu ataandika kanuni zinazomsumbua mpinzani wake mgeni kuliko yeye. Saini weka, ni jambo jema. Ila usingoje hapo.

Kuanika wafadhili

Hapa mahakama haiko njiani. Katika hukumu ileile ya 2010, majaji 8 kati ya 9 walikubali kwamba serikali inaweza kudai majina ya wanaolipia matangazo ya kisiasa yajulikane. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika hukumu, alitegemea wananchi wangeona nani analipia nini. Tatizo ni kwamba mashirika yasiyo ya faida, ambayo kisheria si kamati za uchaguzi, hayalazimiki kuwataja wachangiaji wao. Kampuni inatoa kwa shirika, shirika linatoa kwa super PAC, na kwenye karatasi unasoma jina la shirika tu.

Madhara yake yalionekana Ohio. Kampuni ya umeme ya FirstEnergy na washirika wake walipitisha takriban dola milioni 60 kwenye shirika lililoitwa Generation Now, lililokuwa mkononi mwa Larry Householder. Fedha hizo zikasaidia kuwachagua wabunge waliomfanya Householder kuwa spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo mwaka 2019. Mwaka huohuo ikapita sheria ya kuviokoa vinu viwili vya nyuklia kwa zaidi ya dola bilioni moja, ambazo zingelipwa na wateja kwenye bili zao za umeme. Wananchi walipoanza kukusanya saini ili waifute, fedha zilezile zikatumika kuwapiga vita wakusanyaji. Wakati wote huo mlipa bili wa Cleveland au Columbus hakuwa na mahali pa kuangalia aone nani analipia matangazo aliyokuwa akiyatazama kwenye televisheni. FBI walimkamata Householder Julai 2020. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 230, na Juni 2023 yeye akahukumiwa kifungo cha miaka 20.

Ona kilichohitajika ili ukweli utoke: wapelelezi, simu zilizonaswa, miaka kadhaa ya mahakama. Sheria ya kutaja majina ingeanza kuuliza maswali tangu wiki ya kwanza.

Kwenye ngazi ya taifa muswada wa kuwaanika wafadhili ulikwama Seneti mwaka 2010 kwa upungufu wa kura moja, ukapata 59 ilhali zilihitajika 60. Uliporudi mwaka 2022 ulipata 49 kwa 49. Aidha, tangu Desemba 2015 Bunge limekuwa likichomeka kwenye sheria za bajeti kifungu kinachoizuia tume inayosimamia masoko ya hisa kuyalazimisha makampuni kuwaeleza wanahisa wao yanatumia kiasi gani kwenye siasa. Mwenye hisa hajui fedha zake zinambeba nani. Hilo linanikera kuliko mengi, kwa sababu hata mtetezi mkubwa wa haki za makampuni hawezi kusema mwenye mali asijue mali yake inakwenda wapi.

Majimboni hali ni nzuri zaidi. Arizona, jimbo lisilo la mrengo wa kushoto hata kidogo, lilipitisha Novemba 2022, kwa zaidi ya asilimia 70 ya kura, sheria ya kudai chanzo halisi cha fedha kijulikane. Kundi likitumia zaidi ya dola 50,000 kwenye uchaguzi wa jimbo zima, linalazimika kumtaja aliyetoa zaidi ya dola 5,000 mwanzoni kabisa, hata kama fedha zimepita mikono mitatu. Kiwango hicho kinajibu pingamizi moja la haki. Mwaka 1958 Mahakama ya Juu ililikinga shirika la Wamarekani weusi la NAACP lisikabidhi orodha ya wanachama wake kwa serikali ya Alabama, maana kutajwa kungewaletea kipigo na kufukuzwa kazi. Mchangiaji mdogo anastahili kufichwa. Mwenye mamilioni hastahili.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba kujua si kuzuia. Sehemu kubwa ya fedha za Musk ilijulikana. Na msimamizi mwenyewe, tume ya uchaguzi ya taifa, ina viti 6 na haiwezi kuamua bila makamishna 4. Mei 2025 ilibaki pungufu ya hao 4, ikawa haiwezi kumwadhibu yeyote.

Fedha za umma: pale mwananchi anapopata kitu mkononi

Njia hii iliwahi kufanya kazi kwenye urais. Baada ya kashfa ya Watergate, ilipobainika kuwa makampuni makubwa, American Airlines na Gulf Oil yakiwamo, yalikuwa yamemchangia Richard Nixon kinyume cha sheria, Bunge liliukamilisha mfumo wa fedha za umma kwa wagombea urais. Mwaka 1976 Jimmy Carter na Gerald Ford walipata karibu dola milioni 22 kila mmoja kwa kampeni ya mwisho, wakaahidi kutochangisha zaidi. Ukijaza fomu ya kodi ya taifa utakiona bado kisanduku kinachouliza kama unataka dola 3 za kodi yako ziende kwenye mfuko huo. Kuweka alama hakukuongezei kodi.

Kilichouua ni kiwango kutokwenda na wakati. Mwaka 2008 John McCain alichukua dola milioni 84 za umma. Barack Obama alikataa, wa kwanza kutoka chama kikubwa kufanya hivyo kwenye kampeni ya mwisho, akakusanya karibu dola milioni 745 kwa jumla. Wengi wetu tulishangilia ushindi wake, na palikuwa na sababu ya kushangilia. Lakini siku ile mfumo huo ulikufa, na tangu 2012 hakuna mgombea wa chama kikubwa aliyeugusa kwenye kampeni ya mwisho.

Ulikozaliwa upya ni mijini. New York, mji unaolipia mfumo huu tangu 1988, sasa unazidisha mchango mdogo wa mkazi mara nane. Kwa mgombea umeya, dola 250 za kwanza ndizo zinazozidishwa. Mwendesha teksi wa Bronx akitoa dola 10, mji unaongeza 80, mgombea anapata 90. Akitoa 250 zinakuwa 2,250. Mgombea aliyekuwa anapiga simu kwa mawakili wa makampuni ya nyumba sasa anaona faida kukaa sebuleni kwa watu ishirini. Mwaka 2025 Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, alipita kwa njia hiyo kwenye uchaguzi wa awali wa Democrat. Mpinzani wake Andrew Cuomo alibebwa na super PAC ya Fix the City, ambako Bloomberg alitia zaidi ya dola milioni 8 na kampuni ya kupeleka vyakula ya DoorDash ikatia milioni moja. Cuomo alishindwa Juni, akashindwa tena Novemba. Unaweza kuzichukia sera za Mamdani na bado ukakubali kwamba mtu asiye na tajiri nyuma yake aliweza kusikika.

Seattle walikwenda mbali zaidi. Kwa kura ya wananchi ya Novemba 2015 kila mkazi mwenye sifa hupewa vocha nne za dola 25 kila moja, ampe mgombea amtakaye. Zinakuja kwa posta. Unaandika jina la mgombea, tarehe na saini, basi. Huhitaji kuwa na akiba benki. Na jambo ambalo wengi hawalijui: mwenye kadi ya kijani anazipata pia, ingawa hapigi kura. Kwa mama anayefanya kazi ya usafi uwanja wa ndege na anangoja uraia, hizo dola 100 ndiyo mara ya kwanza mwanasiasa ana sababu ya kubisha hodi kwake.

Mwaka 2019 Amazon ilitoa takriban dola milioni 1.5 kwa kamati ya chama cha wafanyabiashara ili kubadili baraza la mji, na wagombea wengi waliobebwa na fedha hizo wakaanguka. Miaka iliyofuata wagombea waliopendwa na wafanyabiashara walishinda viti vingi, wengi wao wakitumia vocha hizohizo. Kwangu huo ndio ushahidi kwamba mfumo ni wa haki: haukuchagulii upande. Agosti 2025 wapiga kura waliuongezea muda, unalipiwa na kodi ya nyumba na ardhi.

Usitarajie miujiza. Fedha za umma haziziondoi super PAC, zinampa mwingine sauti tu. Nazo zinavutia wezi, ndiyo maana lazima pawe na bodi yenye meno. Desemba 2024 bodi ya New York ilimnyima Meya Eric Adams fedha hizo kufuatia mashtaka yaliyodai michango ya majina bandia. Mashtaka yenyewe yalifutwa Aprili 2025.

Washawishi: kazi baada ya kura

Makampuni na makundi mengine hutumia zaidi ya dola bilioni 4 kwa mwaka kuwashawishi wabunge na maofisa wa serikali kuu. Hii ni kila mwaka, hata usio wa uchaguzi. Hapa ndipo mwenye kisu kikali anapokula nyama, na waandishi wa habari hawapo.

Chukua dawa. Mwaka 2003 Bunge lilikuwa likiandika sheria ya kuwalipia wazee dawa kupitia bima ya Medicare. Kura ya Baraza la Wawakilishi ilianza saa tisa usiku ikaachwa wazi kwa muda wa karibu saa tatu, mpaka karibu na saa kumi na mbili asubuhi, viongozi wakiwabembeleza waliokataa. Ndani yake palikuwa na kifungu kinachoikataza Medicare kupatana bei na makampuni ya dawa. Mmoja wa waliousimamia muswada alikuwa Billy Tauzin, mwenyekiti wa kamati husika. Januari 2005 alitoka Bungeni, akawa mkuu wa PhRMA, chama cha makampuni ya dawa.

Kifungu kile kilidumu hadi 2022, Bunge liliporuhusu upatanaji wa dawa chache kila mwaka. Tazama tofauti yake: Januvia, dawa ya kisukari, bei yake ya mwezi ilikuwa dola 527. Baada ya kupatana ikawa dola 113, kuanzia Januari 2026. Miaka yote ya katikati Republican na Democrat walipokezana Ikulu, na kifungu kikakaa palepale. Hakuna tangazo la kampeni lililowahi kuniambia hivyo kwa uwazi kama hizo bei mbili.

Mwaka 2007 sheria ilimtaka seneta anayestaafu asubiri miaka miwili kabla ya kuwashawishi wenzake, na mbunge mwaka mmoja. Ni kidogo, tena anaruhusiwa kukaa nyuma akitoa ushauri. Ahadi za marais ndizo usizitegemee kabisa. Bill Clinton aliweka katazo kwa maofisa wake, akalifuta Desemba 2000 alipokuwa anaondoka. Trump aliweka lake la miaka mitano mwaka 2017, akalifuta saa za mwisho za muhula wake Januari 2021. Biden akaweka la kwake, Trump akalifuta siku aliyorudi, Januari 2025. Kinachofaa kudaiwa ni sheria ya Bunge yenye muda mrefu, na hapo simu ya mpiga kura kwa ofisi ya mbunge wake ina uzito, kwa kuwa wachache sana hupiga kuhusu jambo hili.

Ukichagua kwa mahali ulipo

Kama uko New York au Seattle, kazi ni kuzitumia haki ambazo tayari unazo: toa dola 10 zako, jaza vocha zako, waonyeshe na majirani. Maine ina mfumo wa fedha za umma tangu 1996, wagombea hukusanya michango ya dola 5 ili wastahili. Mwaka 2024 wananchi huko, kama robo tatu yao, walipitisha kikomo cha dola 5,000 kwa wanaochangia super PAC. Jaji wa mahakama ya serikali kuu alikizuia Julai 2025 na kesi ikaenda rufaa. Njia hiyo ni ya kufuatilia, sababu inagusa hukumu ya mahakama ya rufaa ya 2010, na Mahakama ya Juu yenyewe haijawahi kuisikiliza hoja hiyo. Ukiwa Ohio, kwa yaliyotokea huko, ningetilia nguvu sheria ya kutaja wafadhili kama ya Arizona. Kwingine ambako hakuna chochote, uliza kwanza kwenye mji: baraza la mji hubadilika kwa watu mia mbili waliojipanga, Seneti haibadiliki kwa hao.

Na ukiwa mkazi wa kudumu, angalia sana. Unaruhusiwa kumchangia mgombea fedha zako mwenyewe, na Seattle unaruhusiwa kutumia vocha. Huruhusiwi kujiandikisha kupiga kura, hata kama kijana mwenye fomu sokoni anakwambia haina shida. Kosa hilo linaweza kukuharibia maombi ya uraia na hata kukufukuzisha nchini. Fomu za kupeleka sheria kwenye kura ya wananchi nazo kwa kawaida ni za wapiga kura walioandikishwa, kwa hiyo mpe kalamu mwenzako mwenye uraia asaini yeye.